Mpe Bibi Kipaza Sauti

Fungua simu yako sasa hivi. Tafuta video ya karibuni ambamo bibi yako, babu yako au shangazi yako mzee anaonekana. Kwa familia nyingi itakuwa ya harusi au sendofu: ameketishwa viti vya mbele, kitenge cha sare kimemkaa vizuri, soda mkononi. Mshereheshaji anataja jina lake, anapunga mkono, kamera inampita na kwenda kwenye keki. Tafuta nyingine. Hapo analishwa keki. Tafuta nyingine tena. Anacheza hatua mbili tatu, vigelegele vinapigwa, mtu anamtuza. Sasa tafuta moja tu ambamo anazungumza dakika kumi mfululizo, jambo analolijua yeye, na hakuna anayemkatiza.

Umeipata? Wengi hatunayo.

Tumewapiga picha wazee wetu kuliko kizazi chochote kilichotutangulia, na bado hatuna sauti zao. Hela ya mpiga video haijawahi kutushinda, kamati ya harusi huipangia fungu lake mapema kabisa. Simu tunazo. Bando tunanunua kila siku, tena la kutazamia mambo ya watu tusiowajua. Kinachokosekana ni uamuzi wa kumgeuzia mzee kamera na kumwambia: leo mgeni rasmi ni wewe, sema.

Kisha siku inafika. Turubai limefungwa uani, jeneza liko mbele, na mtu wa familia anasimama na karatasi kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa mwaka 1941. Alisoma hadi darasa la nne. Alifunga ndoa, akajaliwa watoto saba na wajukuu ishirini na wawili. Alikuwa mcheshi na mpenda watu. Alisumbuliwa na presha. Nusu ukurasa, kwa maisha ya miaka zaidi ya themanini! Na hiyo nusu ukurasa yenyewe imeandikwa usiku wa kuamkia mazishi, wajomba wakibishana kama ni 1941 au 1943, na mtu pekee aliyeweza kuumaliza ubishi huo ndiye anayezikwa.

Huu ndio utaratibu ninaokuomba uuvunje. Wasifu wa mtu ausimulie mwenyewe, akiwa hai, kwa sauti yake, na ukoo wake uuone popote ulipo. Nyenzo zote unazo. Umechelewa tu kuanza.

Piga hesabu ya umri

Mtoto aliyekuwa na miaka kumi usiku bendera ya Uhuru wa Tanganyika ilipopandishwa, Desemba 9, 1961, leo ameshapita sabini. Kijana wa miaka ishirini aliyekuwa Unguja siku ya Mapinduzi, Januari 12, 1964, sasa yumo katika miaka ya themanini. Mwanajeshi wa miaka ishirini na mitano aliyeingia Kampala vitani Aprili 1979 naye ameshavuka sabini. Hawa wapo. Wengine wako chumba cha pili kutoka hapo ulipokaa, wanasikiliza redio. Lakini hakuna mwenye mkataba na kesho, na kumbukumbu nayo huanza kuondoka kabla ya mwenyewe. Majina ndiyo hutangulia, kisha miaka, kisha mpangilio wa mambo. Mzee anayekumbuka leo jina la mwalimu wake wa kwanza anaweza asilikumbuke msimu ujao wa mvua.

Usisubiri pia mtu awe kikongwe ndipo umwite mzee. Mama aliyepanga foleni ya sabuni na sukari mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa msichana sasa ana miaka hamsini na kitu au sitini, ana nguvu, anakumbuka bei, na anakumbuka ni jirani gani aliyewagawia kibaba cha unga. Mrekodi sasa akiwa na pumzi ya kusimulia na kucheka.

"Familia yetu haina historia"

Hiki ndicho kisingizio ninachokichukia kuliko vyote. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Tumezoea kudhani historia ni mali ya machifu, mawaziri na waasisi wa chama, na kwamba baba yako aliyekuwa kondakta wa basi hana cha kusema. Ebu muulize.

Mwaka 1973 chama cha TANU kilitoa agizo kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji vya pamoja. Mamilioni wakahama. Vitabu vinaeleza sera, malengo na takwimu. Lakini ni nani atakayekuambia kwamba bibi alibeba kinu kichwani na kuliacha kaburi la mwanawe nyuma? Ni nani atakayeonyesha mwembe uliobaki kwenye mahame ya babu, na kusema "hapa ndipo lilipokuwa jiko letu"? Hakuna mwanahistoria atakayefika hapo kwa ajili yenu. Atafika mjukuu mwenye simu, au hatafika mtu.

Kila ukoo una sura yake katika mambo makubwa ya nchi hizi. Yuko aliyevuna mkonge Tanga, aliyetandika reli ya TAZARA, aliyekuwa mpagazi au askari katika vita vya Wazungu, aliyetoka Burundi au Kongo na watoto wawili na sufuria moja, aliyepanda jahazi kwenda Omani na kurudi miaka mingi baadaye akiuliza nyumba fulani iko wapi. Kondakta wa basi naye aliyaona mengi: barabara kabla ya lami, daraja lililochukuliwa na maji, abiria aliyejifungua njiani.

Sauti ikihifadhiwa huenda mbali

Mtazame Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia ya wakulima maskini, na hakupata kusoma. Kwa kipimo cha wakati ule hakuwa mtu wa kuandikwa popote. Lakini mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Alifariki mwaka 1950. Ukitaka leo unaweza kumsikia kwenye intaneti akiimba, pumzi zake zote zimo. Wangapi katika kizazi chake, wenye cheo na elimu, wameacha sauti? Yeye alibaki kwa sababu mtu alikiweka chombo mbele yake akamwacha aimbe.

Nenda Songea. Kila Februari 27 watu hukusanyika huko kuwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe hiyo mwaka 1906. Ukoo wa Mbano umesimuliana kizazi kwa kizazi habari za Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka huohuo, na kwa masimulizi yao kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Kwa zaidi ya miaka mia moja hayo yalikuwa maneno ya nyumbani, ya baba kwa mwana. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao hao na kuomba msamaha. Mwaka uliofuata ikatoka filamu ya The Empty Grave, ya Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner, inayoufuata ukoo huo pamoja na ukoo wa Kaaya wa Meru katika kuwatafuta wazee wao. Maneno ya nyumbani yakafika kwenye skrini za ulimwengu. Yasingefika popote kama kizazi kimoja tu katikati kingesema "hayo ni ya kale, tuachane nayo."

Kenya nako kuna somo. Mwaka 2009 wazee wachache walifungua kesi London kudai haki kwa mateso waliyoyapata mikononi mwa wakoloni wakati wa Mau Mau. Shahidi wa kwanza wa kila mmoja alikuwa kinywa chake mwenyewe. Juni 6, 2013, serikali ya Uingereza ilitangaza kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Sasa jiulize ni wangapi walikuwa wameshazikwa kabla mtu yeyote hajawauliza kitu.

Simulizi ya mzee ni ushahidi. Ni haki ya ukoo. Acha kuichukulia kama porojo za kupitishia jioni.

Kwa nini iende mtandaoni?

Kwa sababu simu huibwa. Huanguka ndani ya ndoo ya maji. Kadi ya kumbukumbu hugoma siku moja bila kutoa sababu, na video pekee ya babu inakwenda nayo. Ikiwa mtandaoni, hata simu ikiingia mtoni, babu habebwi na maji.

Tena kwa sababu ukoo hauketi tena uani pamoja. Kaka yuko Mwanza, dada yuko Muscat, binamu amezaa Minneapolis watoto wanaosikia jina la kijiji chenu kama jina la nchi ya hadithini. Watoto hao hawatakuja kukaa miguuni pa bibi kila likizo, nauli haitoshi. Lakini wanashinda YouTube. Basi bibi awakute hukohuko.

Na kwa sababu video moja huzaa nyingine. Babu akisema katika video kwamba mdogo wake alipotelea Kilosa mwaka 1968 na hakuonekana tena, yupo mtu Kilosa atakayeitazama. Shangazi wa Bukoba atapiga simu akifoka kwamba babu amekosea, hakuwa mdogo wake, alikuwa mtoto wa baba mkubwa. Vizuri! Nenda kamrekodi shangazi pia. Ubishi wa wajomba ule wa usiku wa msiba ufanyike sasa, wahusika wakiwa hai na wanaweza kujitetea.

Ingia kazini

Anza kwa adabu. Usimvamie mzee na simu usoni kama mwandishi wa udaku. Mpe shikamoo yake, mpelekee sukari na majani ya chai, kaa naye, mweleze unachotaka na kwa nini, kisha umuulize saa inayomfaa. Yuko anayechangamka asubuhi baada ya uji, yuko ambaye mdomo hufunguka baada ya alasiri. Na mrekodi bibi pale babu asipokuwapo. Kuna habari za ndoa ile ambazo utazisikia kwa namna nyingine kabisa.

Sauti ndiyo kwanza. Picha ikiwa na ukungu mjukuu atavumilia, maneno yasiposikika umepoteza kazi. Zima feni na redio, msogelee, na kama una hedifoni za waya zenye kinasa sauti, mbanie mzee kwenye kola au kwenye ukingo wa mtandio. Mkalishe mwanga wa dirisha umwangukie usoni, usiwe mgongoni. Ilaze simu, uiegemeze pahali imara, uiweke kwenye hali ya ndege ili mtu asikupigie katikati ya habari ya vita.

Usimwambie "tusimulie historia yako." Swali kubwa namna hiyo litakupa jibu la nusu ukurasa, lilelile la msibani. Uliza vidogo. Jina lako ulipewa na nani, na lilikuwa la nani? Mama yako alipika nini siku ya sikukuu? Mahari yako ilikuwa nini, na nani alikwenda kuipokea? Siku mliyohama mlitembea au mlipakiwa kwenye lori? Viatu vyako vya kwanza ulivipata ukiwa na umri gani? Asipoujua mwaka, muulize tukio. Ilikuwa kabla ya njaa ipi, baada ya nzige wepi, kiongozi alikuwa nani? Mweke mkononi kitu cha zamani: picha ya studio, kadi ya TANU, stakabadhi ya kodi ya kichwa, kanga aliyofunikwa siku ya ndoa. Vidole vikigusa, ulimi utafuata.

Kisha nyamaza. Mzee akitua, mwache atue. Mara nyingi jambo lenyewe huja baada ya kimya, na sisi tulivyo na haraka hulizima kwa swali jingine.

Mwache aseme lugha yake. Tanzania pekee ina lugha zaidi ya 120, na nyingi zinapoteza wazungumzaji kila mwaka unaopita. Kama bibi anachekesha zaidi kwa Kinyakyusa, Kizigua au Kihaya, usimlazimishe Kiswahili cha redioni. Mrekodi katika lugha yake, halafu umwombe mama au mjomba akusaidie kuweka maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Umeokoa vitu viwili kwa kazi moja.

Video moja, jambo moja, dakika kumi. Akaunti ya YouTube isiyothibitishwa kwa namba ya simu haipokei zaidi ya dakika 15, na mtazamaji naye hana subira ya saa mbili. Ipe kichwa kinachotafutika: nani, jambo gani, wapi, mwaka gani. "Bibi akisimulia" haimsaidii mtu. Katika maelezo andika majina yote ya watu na vijiji vilivyotajwa, maana miaka hamsini ijayo mtu atatafuta jina moja tu kati ya hayo. Ukiituma kwenye grupu la ukoo, kumbuka WhatsApp huibana video na kuipunguzia ubora, kwa hiyo nakala ya hifadhi itume kama dokumenti, na nyingine iweke kwenye kompyuta au diski ya mtu mwingine. Neno la siri la akaunti lijulikane na watu wawili, maana hata mwenye kuhifadhi naye atakufa.

Heshima mbele

Si kila kinachosemwa ni cha kutangazwa. Ukoo una siri: mtoto aliyezaliwa nje, ugomvi wa shamba ambao bado uko barazani, ugonjwa, tuhuma za uchawi zinazoweza kumletea mtu hatari kweli. Mwambie mzee tangu mwanzo video itakwenda wapi na nani ataiona. Akishamaliza, mwonyeshe kabla hujaipandisha. Akisema "hapo kata," kata. YouTube inakupa milango mitatu: wazi kwa wote, kwa wenye linki tu, au kwa uliowachagua wewe. Safari ya kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam iende kwa wote. Mgawanyo wa shamba ubaki kwa wenye shamba.

Na tafadhali, usimfanye bibi yako kichekesho. Kumkata sekunde kumi anapokosea jina la simu, ukatia muziki na kusaka laiki, hiyo ni kumdhalilisha mtu aliyekulea. Tumeziona video hizo za kutosha.

Vikwazo vitakuja, vipite

"Babu hataki kamera." Huenda hajui unataka nini. Mrekodi sauti tu kwanza, mchezeshee asikie alivyosema vizuri. Wazee wengi hujisikia wamesahauliwa, na anayesikilizwa mara ya kwanza mara nyingi hukuita mwenyewe mara ya pili: "Njoo, kuna jambo nililiacha."

"Nani atatazama?" Watu kumi na wanane wa ukoo wako wanatosha. Kipimo cha kazi hii hakihesabiwi kwa watazamaji wa wiki ya kwanza. Mtazamaji wake muhimu kuliko wote huenda hajazaliwa.

"Nitaanza nikinunua kamera nzuri." Hutaanza. Simu hiyo iliyopasuka kioo inatosha.

"Wazee wangu wote wameshafariki." Pole sana. Basi mzee wa ukoo ni wewe, hata kama una miaka thelathini na tano. Kaa mbele ya simu useme unachokikumbuka juu yao: alivyokohoa babu kabla ya kuingia ndani, wimbo aliouimba bibi akitwanga, maneno aliyokuachia. Kumbukumbu ya mkono wa pili ni bora mara mia kuliko hakuna. Kisha uwatafute majirani zao, marafiki zao wa shule, waumini wenzao. Wanajua mambo ambayo hata baba yako hayajui.

Mkataa kwao ni mtumwa, walisema waliotutangulia. Na kwenu huwezi kukushika kama hukujui. Watoto wetu wanakua wakijua kwa moyo maisha ya wachezaji mpira wa Ulaya na nasaba za wafalme wa tamthilia za kutafsiriwa, huku hawawezi kutaja jina la baba wa babu yao. Usiwalaumu. Walitazama kilichowekwa. Weka na chako.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, chagua mzee mmoja. Mmoja tu. Mpigie simu, au mpigie anayeishi naye, mkubaliane saa. Andika maswali matano kwenye karatasi. Jumamosi uende. Na kama uko mbali, ughaibuni au mkoa mwingine, mpe kazi hiyo mpwa wako aliye karibu naye, mtumie hela ya bando na sukari, na wewe uwe msimamizi. Desemba familia zikikusanyika kijijini, au Idi ikiwakutanisha, msimamishe kila mwenye nywele nyeupe, mmoja baada ya mwingine, dakika kumi kumi.

Jumapili jioni ukoo wako uwe na video moja ambayo Ijumaa haikuwapo. Wiki inayofuata ziwe mbili. Na atakayesoma wasifu siku ya mwisho, aweke karatasi mfukoni na kusema: mwenyewe alishausimulia, tazameni.